Sanduku, kompyuta au mtandao: vifaa vya kurushia matangazo kwa anayeanzia Mwanza

Kijana mmoja wa Igoma alinifuata kazini na daftari la shule. Kurasa mbili zilijaa vifaa: kamera tatu za 4K (picha kali kupita HD ya kawaida), droni, taa, maiki zisizo na waya, laptop "yenye nguvu", hadi viti vya studio. Anataka kuanzisha televisheni ya mtandaoni, arushe mechi za uwanja wa Kirumba, ibada, harusi, na ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, kule Bujora.

"Shikamoo kaka. Nina milioni kumi na mbili. Nianze na kipi?"

"Marahaba. Picha itatokea wapi?"

Akaanza kunitajia viwanja na kumbi. Nikamkatiza. Habari ya picha kuingia kwenye kamera sikuiuliza. Nilitaka kujua itatokaje pale Kirumba ikamfikia mtazamaji aliyekaa kwake Buzuruga au Muscat. Akafunua daftari, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akalifunga. Kutoka hakukuwemo.

Maswali kama lake nayapata karibu kila mwezi, na majibu mengi yanayozunguka yametungwa kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki na faiba imefika mlangoni. Haya ya kwangu ni kwa mtu wa hapa.

Soko limehamia wapi

Ripoti za soko la vifaa vya utangazaji huja na mishale inayopanda. Mshale haukuchagulii kifaa. Cha kujua ni kazi zipi zimehama kutoka kwenye chuma zikaingia kwenye programu, na zipi zimeondoka kabisa mikononi mwa mtangazaji.

Ulioondoka ni mnara. Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza ikafuata mapema 2013. Zamani kituo kilihitaji mtambo wake mlimani, jenereta yake, na mlinzi wa kuilinda jenereta. Baada ya kuhamia dijitali, chaneli nyingi zinapakiwa kwenye masafa mamoja na kampuni yenye leseni ya kusambaza, na kituo kinabaki na kazi ya kutengeneza kipindi na kukifikisha kwa msambazaji huyo. Aliye mtandaoni peke yake hata king'amuzi hakimhusu. Ila leseni ya maudhui ya mtandaoni inamhusu, tangu kanuni za mwaka 2018, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na kanuni mpya za 2020. Nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hujaenda dukani.

Kazi zilizohama ni za kuchanganya picha, kuandika majina chini ya skrini, kuweka matokeo ya mechi na kurudia goli. Kila moja ilikuwa na mashine yake ndani ya gari la matangazo. Mwaka 2019 Blackmagic Design ya Australia ilitoa ATEM Mini, kisanduku cha kuchanganya kamera nne, kwa dola 295. Mwaka uliofuata korona ikafungia watu ndani, makanisa na shule duniani kote zikavigombania visanduku vya namna hiyo. Leo aina ziko nyingi na nyingine bei yake ni ndogo zaidi. Wakati huohuo vituo vikubwa vinang'oa nyaya zao za zamani na kujenga studio nzima juu ya mtandao wa kompyuta, kwa kiwango cha ST 2110 kilichotolewa 2017. Kiwango hicho kinataka swichi za mtandao, yaani vifaa vya kuunganisha nyaya za data, za bei mbaya na saa moja inayoongoza vifaa vyote bila kupishana hata kidogo. Kisikusumbue. Nimekitaja ili muuzaji akikitaja usitishike.

Sanduku dhidi ya kompyuta

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sanduku ni kifaa chenye vitufe. Unachomeka kamera kwa HDMI, waya uleule wa televisheni, unabonyeza moja, mbili, tatu, picha inabadilika papo hapo. Linawaka kwa sekunde chache. Halina virusi, halikuombi nywila. Visanduku vingi vya daraja hili hutumia volti 12, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya ibada unaweza kuliendesha kwa betri ya sola, mradi uweke kidhibiti cha volti katikati, maana betri iliyojaa hupita 12 na inaweza kuliunguza. Binti wa kwaya ambaye hajawahi kugusa mikisa, yaani mashine ya kuchanganya picha, anaweza kufundishwa Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi akafanya kazi.

Kompyuta ni laptop yenye programu. OBS ni ya bure na imekuwepo tangu 2012. vMix inalipiwa na inaendeshwa kwenye Windows tu, ila ndani yake umepata kiwanda kizima: matokeo, matangazo ya wadhamini, mgeni anayeingia kwa simu kutoka Bukoba, na kwenye matoleo ya juu hata marudio ya polepole. Gharama yake imejificha pembeni. Kila kamera inahitaji njia ya kuingilia, yaani kapcha kadi, na ukichomeka kadi tatu za USB kwenye laptop ya kawaida, ya tatu inaanza kukwamakwama kwa sababu zote zinagombania mlango mmoja.

Halafu kuna ziwa. Mwaka jana tulirusha harusi bustanini karibu na maji, upande wa Capri Point. Nilikuwa na laptop na OBS, na sanduku nimeliacha ndani ya begi kama akiba. Giza lilipoingia taa zikawashwa, wakaja wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi wa mkaa. Wakajaa kwenye taa, wakatua kwenye keki, wakanyonywa na feni ya laptop. Ndani ya robo saa feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga, joto likapanda, kompyuta ikajipunguza kasi ili isiungue. Bibi harusi anaingia, picha inaruka hatua tatu tatu. Tukalitoa sanduku kwenye begi, tukahamisha nyaya, shughuli ikaendelea bila majina wala nembo. Mama wa bwana harusi hunikumbusha hadi leo kila tukikutana sokoni Kirumba, tena kwa upole, na upole wake ndio unaouma.

Ungedhani basi jibu ni sanduku. Kwa ibada na harusi, ndiyo. Kwa mpira, hapana. Sanduku halijui kwamba ni dakika ya 67 na matokeo ni 1–1, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetaka nembo yake ikae juu kulia hatakulipa kama haionekani. Fedha ya televisheni ndogo iko kwenye vile vitu vidogo vinavyokaa juu ya picha, na vitu hivyo ni kazi ya kompyuta.

Kwa hiyo mimi ninavifunga vyote viwili kwa mfuatano. Kamera zinaingia kwenye sanduku. Sanduku linatoa picha iliyokwisha kuchanganywa kwa waya mmoja wa USB, na laptop inaiona kama kamera ya kawaida. Kapcha kadi tatu zimeondoka. Laptop inabaki na kazi ya maandishi na kurusha, tena laptop ya wastani inatosha. Ikizimika, sanduku la daraja la juu kidogo kama ATEM Mini Pro linaweza kurusha lenyewe, hata kwa kuchomeka simu yenye bando. Watazamaji watapoteza matokeo pembeni, lakini mpira wataendelea kuuona. Ukiwa na fedha ya kimoja tu, nunua sanduku kwanza. Laptop unaweza kuazima kwa shemeji.

Na mikisa kubwa za mtumba kutoka Ulaya, zile zenye vitufe kama kinanda cha kanisani? Geuza nyuma usome. Kama inapokea SD peke yake, yaani picha ya kizamani iliyo chini ya HD, hiyo ni fanicha.

Waya, na habari ya Wagika na Wagalu

HDMI ni rahisi na ipo kwenye kila kamera, lakini ukivuka mita 10 au 15 inaanza ujinga: picha inapotea, inarudi, inapotea. Kichwa chake pia hakina kufuli. Mtoto akipita akajikwaa, kamera namba mbili imekwenda. SDI hutumia waya mzito kama wa antena, wenye kichwa cha BNC kinachozungushwa kikashika. Waya mzuri unabeba picha ya HD hadi karibu mita 100. Ni teknolojia ya zamani, kiwango chake cha HD ni cha 1998, na bado naiamini kuliko zote uwanjani, kwa sababu fundi wa antena wa mtaani anaweza kukutengenezea kichwa kipya kikikatika.

Ya tatu ni mtandao: NDI, iliyoletwa na NewTek mwaka 2015. Waya wa kawaida wa mtandao, mita 100 kila kipande, unabeba picha, sauti, maelekezo ya kugeuza kamera, na kwa kamera zinazokubali, hata umeme. Kamera moja ya HD kwa NDI kamili inakula zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo unahitaji swichi ya gigabiti ya peke yako. Usidandie ile ya ofisi inayogawa WiFi ya wageni. Kwa kanisa linalofunga kamera ukutani moja kwa moja, NDI ndiyo ningechagua bila kusita. Kwa mtu wa kuhamahama, bado.

Sasa chukua Bulabo. Mwezi Juni, Bujora, pale Kisesa. Vyama viwili vya ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, vinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Umati unakimbia kutoka kwa hawa kwenda kwa wale. Nyoka akitolewa huku, kule kunabaki vumbi. Ukiwa na HDMI ya mita 10 umeshachagua timu. Unahitaji kamera pande zote mbili na meza yako katikati, na waya utakaokanyagwa na mamia ya miguu bila kuachia. Hapo ni SDI. Kama kamera zako zina HDMI tu, visanduku vidogo vya kugeuza HDMI kuwa SDI vipo. Nunua na vipuri vya chaja zake, maana ndizo zinazokufa kwanza.

Jambo moja dogo kabla sijasahau. Kamera za mtumba kutoka Marekani huja zimepangwa kwa picha 30 au 60 kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50. Ukizitumia hivyohivyo ndani ya ukumbi wenye taa za mirija, ukuta utakuwa unapumua kwenye picha. Ingia kwenye menyu, weka 25 au 50, na kamera zote zifanane. Kama menyu haina chaguo hilo, irudishe.

Kutoka

Laini za simu ndizo wengi wanaanza nazo, na hesabu yake ni nyepesi. Picha nzuri ya HD kwa mtazamaji wa simu inataka kama megabiti 6 kwa sekunde. Saa tatu za harusi ni gigabaiti 8 na kidogo. Bando siyo tatizo. Tatizo ni mnara wa simu. Kirumba ikijaa, maelfu wanatoa simu mfukoni wakati mmoja na wote wanapandisha video kupitia mnara uleule unaoutegemea wewe. Asubuhi ulipima ukafurahi. Jioni unarusha mraba wa rangi ya kijani.

Dawa ya hilo ni mkoba wa laini nyingi. LiveU, kampuni iliyoanzishwa 2006, na wenzake kama TVU walijenga biashara yao hapo: kifaa cha mgongoni kinaigawanya picha vipandevipande, kinavipeleka kwa laini nne au sita za mitandao tofauti, na upande wa pili vinaunganishwa tena. Gharama yake ni kuchelewa kwa sekunde moja au zaidi, pamoja na fedha, nyingi, tena nyingine ya kila mwezi. Vipo vidogo vya laini mbili au tatu vinavyomfaa mtu wa kawaida. Kanuni yao ni ileile: laini mbili za kampuni moja kwenye mnara mmoja ni laini moja iliyolipiwa mara mbili. Changanya mitandao.

Na kabla ya kununua mkoba wowote, badilisha namna ya kutuma. Wengi bado wanatumia RTMP, njia ya zamani ya kutuma video mtandaoni, kwa sababu ndiyo inayotokea kwanza kwenye programu. SRT, njia nyingine ya kutuma iliyofunguliwa kwa wote bila malipo mwaka 2017, inavumilia laini mbovu vizuri zaidi: kipande kikipotea njiani, mpokeaji anakiomba tena kabla muda wake haujapita. Ukiongeza na kodeki, yaani namna ya kubana video, ya H.265, ambayo kwa ubora uleule hutumia karibu nusu ya biti za H.264 iliyozoeleka, laini iliyokuwa inakwama inaweza kukubeba. Hakikisha tu kifaa cha upande wa pili kinaielewa.

Faiba ni mfalme pale ilipofika. Kwa kanisa au ukumbi wa kudumu mjini sioni sababu ya kubishana. Uliza kasi ya kupandisha, maana mabango husifia ya kushusha, na wewe kushusha hakukuhusu.

Dishi la setilaiti la kizamani ni la chaneli kubwa. Picha inapanda kilomita 36,000 na kushuka, ndiyo maana mtangazaji wa uwanjani akiulizwa swali na studio husimama kidogo akitabasamu bila kujibu. Madishi ya kubebeka hutumia masafa ya bendi ya Ku, nayo haipendi mvua kubwa, na ngurumo za ziwa letu mnazijua. Bendi ya C inavumilia mvua, lakini dishi lake linataka lori. Kuna madishi mapya ya setilaiti za chini, kama kilomita 550 juu, yanayochelewa kidogo sana. Rwanda na Kenya yalianza kutumika 2023. Usinunue la magendo mpakani. Uliza TCRA kwanza, kifaa kikikamatwa hakirushi.

Njia ninayoipenda mimi haitajwi sana: redio mbili za kurushiana data bila waya kwa masafa ya 5 GHz, moja uwanjani, moja kwenye paa lenye faiba, zikitazamana. Bei yake ni ndogo kuliko kamera moja. Mwanza ni mji wa vilima, ukipanda Bugando au juu ya Capri Point unaona karibu kila kitu. Mawe ndiyo adui. Redio hizi zinataka zionane kwa macho, na jiwe moja la ukubwa wa nyumba likikaa katikati hakuna cha kubembeleza. Kuvusha mawimbi juu ya maji nako kuna mtego: ziwa likitulia huwa kioo, mawimbi yanagonga maji na kufika mara mbili, moja kwa moja na ya kudunda, yanauana. Pandisha au teremsha redio mita moja au mbili, utashangaa. Na hapa pia ulizia masharti ya masafa kabla hujafunga.

Ng'ambo ya pili, Sengerema, mambo yamerahisika kwa namna ambayo haihusiani na mawimbi. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na gari la vifaa halisubiri tena kivuko. Zamani nilikuwa naweka saa tatu za ziada kwenye ratiba kwa ajili ya foleni ile.

4K?

Hapana. Watazamaji wako wako kwenye simu, wengi wakihesabu MB. Kamera ya HD yenye lenzi nzuri na maiki safi itaishinda 4K yenye sauti ya upepo. Nunua kamera inayopiga 4K kama bei imelingana, rekodi nayo, lakini rusha HD, na laini ikichoka shuka hadi 720, yaani HD ndogo.

Daftari

Nilimwambia kijana agawe milioni zake hivi: theluthi moja ya kutoka, yaani redio mbili au mkoba mdogo wa laini tatu, pamoja na fedha ya bando ya miezi miwili. Theluthi ya pili sanduku, nyaya za SDI, betri na maiki. Iliyobaki kamera mbili za HD za mtumba zilizopimwa mchana na usiku. Droni na viti nikavikata kwa kalamu yake mwenyewe. Hakufurahi. Droni ilikuwa imechorwa nyota.

Nikamtuma na kazi: siku ya mechi aende Kirumba na simu yenye laini mbili, apime kasi ya kupandisha kila nusu saa, aandike.

Amerudi Jumatatu. Ukurasa mpya, safu mbili, saa upande wa kushoto. Saa saba mchana laini ya kwanza ilikuwa megabiti 14 kwa sekunde, ya pili 9. Saa tisa, geti likiwa limefunguliwa, 6 na 5. Saa kumi na robo, mpira unachezwa, 0.8 na 1.9. Chini yake ameandika jambo ambalo sikumtuma: alipanda ngazi za jukwaa hadi juu kabisa akaangalia upande wa mjini, na amechora mraba mdogo, paa la ghorofa la mjomba wake, na mstari ulionyooka kutoka pale aliposimama hadi kwenye paa hilo.

"Kaka, katikati hakuna jiwe," akasema. "Redio mbili ni shilingi ngapi?"